Kichocheo si Kuni

Jikoni kwa mama lishe wa Kirumba, jirani na soko la samaki la Mwaloni jijini Mwanza, kuna kazi mbili ambazo mgeni huzidhani kuwa moja. Ya kwanza ni kutia kuni: ukuni mpya hutolewa katika tita na kuingizwa kati ya mafiga. Ya pili ni kuchochea: kuni ambazo zimo tayari, ila zimeungua ncha na kubaki nyuma ya moto, husukumwa ndani ili sehemu isiyoungua ikutane na makaa. Baada ya kutia kuni, tita hupungua. Baada ya kuchochea, tita ni lile lile, bali moto umekuwa mwingine. Na mpishi huyo anajua bila kufundishwa na mtu kwamba mafiga yenye majivu matupu hayachocheki.

Kitenzi kuchochea kimezaliwa na kuchocha, yaani kupenyeza kijiti tunduni na kukisukumasukuma ili kilichomo kitoke au kichangamke. Kutokana nacho likajengwa neno kichocheo, kwa kiambishi cha vyombo mwanzoni na irabu o mwishoni, kama vile kizibo kilivyotokana na kuziba na kifuniko kutokana na kufunika. Enzi za taa za utambi, aliyeambiwa “chochea taa” alipandisha utambi, hakuongeza mafuta. Binadamu naye huchochewa. Mchochezi ni yule anayekwenda kwa majirani wawili wenye kinyongo na kuyasogeza maneno ya huyu karibu na ya yule. Kwa watu wasio na kinyongo, mchochezi hana kazi.

Neno hili la jikoni limekuwa na bahati kubwa, na bahati hiyo sasa imekuwa mzigo. Mwalimu wa kemia hulitumia kwa kitu kinachoharakisha mmenyuko, yaani mabadiliko ya vitu kuwa vitu vingine. Mwalimu wa biolojia hulitumia kwa homoni, na katika kipindi kinachofuata hulitumia kwa mwanga, sauti au joto linalomfanya kiumbe aitike. Bwana shamba huiita hivyo mbolea, na mtumishi wa ofisini huiita hivyo posho. Magazeti ndiyo yamezidi: bandari, reli, soko, uwanja wa ndege, kila kimoja ni kichocheo cha uchumi. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayekutana na haya yote katika juma moja ana haki ya kuuliza kama ni kitu kile kile. Aghalabu haulizi. Hujitungia maana yake mwenyewe, kwamba kichocheo ni kitu chochote kiletacho kitu kingine. Maana hiyo ni nyepesi kubeba, nayo ina hasara yake, wala si hasara ya darasani peke yake.

Wapo wanaodai kwamba dawa ya tatizo hili ni kuunda maneno mengine upesi, moja kwa kila kazi. Maneno mengine yanahitajika, kama itakavyoonekana, lakini msiba haukutokana na umaskini wa lugha. Umetokana na kulichukua neno jikoni na kuiacha maana yake pale pale mafigani. Anayekiita kitu kichocheo hana budi kwanza kujibu swali ambalo mama lishe angelimuuliza: moto uliokuwapo ni upi?

Mfano ulio bora kuliko yote uko katika mabwawa ya samaki ya mwambao wa Ziwa Victoria. Kambare ni samaki anayependwa na wafugaji kwa sababu huvumilia maji machafu yenye oksijeni haba na hukua upesi. Tena wavuvi wa sangara hununua vifaranga vyake wawe chambo cha ndoana. Lakini kambare ana kaidi moja. Ziwani hutaga mvua zinapoanza, maji yanapopanda na kufunika nyasi za ukingoni. Bwawani, ambako maji hayapandi wala kushuka, jike hujaa mayai na kukaa nayo. Mayai yamo, yamekua, lakini hayaachiliwi, na mfugaji anaweza kungoja miezi na asipate hata kifaranga kimoja.

Ndipo ilipogunduliwa njia ya sindano. Chini ya ubongo wa kambare kuna tezi ndogo sana iitwayo pituitari. Hutolewa katika kambare aliyekomaa, ikasagwa na kuchanganywa na maji ya chumvi kidogo, kisha mchanganyiko huo ukadungwa katika msuli wa mgongo wa jike anayetakiwa kutaga. Homoni zilizomo humwambia jike kile ambacho mvua ingelimwambia. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25 za Selsiasi, baada ya muda wa saa 11 hivi mayai hukamuliwa kwa kulipapasa tumbo taratibu, yakatiririka kama uwele. Dume hakamuliki, huchinjwa ili mbegu zipatikane. Vifaranga huanguliwa baada ya siku moja na ushei. Siku hizi zipo pia homoni zilizotengenezwa viwandani, zinazofanya kazi ile ile bila kumtoa mhanga kambare wa kutoa tezi.

Hapa neno kichocheo limekaa mahali pake hasa. Sindano haitengenezi hata yai moja. Mayai yalitengenezwa kwa miezi, kwa chakula ambacho jike alilishwa. Sindano huyasukuma tu yaliyokuwa tayari, kama ukuni uliobaki nyuma ya moto. Kwa hiyo fundi wa kutotolesha, kabla hajaishika sindano, humkagua jike: tumbo liwe limevimba na kuwa laini, na akilibonyeza kidogo yatoke mayai machache yenye ukubwa ulio sawa. Asiye na dalili hizo hurudishwa bwawani.

Sasa na afikiriwe kijana aliyehitimu sekondari akiwa na ile maana nyepesi, kwamba kichocheo ni kiletacho. Kijana huyo amefungua bwawa lake huko Magu au Misungwi. Ananunua homoni kwa fedha ya mkopo, anamdunga jike aliyekonda, hapati kitu. Anahitimisha kwamba dawa ilikuwa dhaifu, na mara ya pili anaongeza kipimo. Jike anadhoofu au anakufa, na fedha imekwenda. Kosa lake halikuwa katika mkono wala katika sindano, alichochea majivu.

Utaratibu huo wa kukagua kwanza haukuanzia bwawani. Mama mjamzito ambaye siku zake zimepita huanzishiwa uchungu hospitalini, mara nyingi kwa dripu yenye homoni iitwayo oksitosini. Kabla ya hapo daktari au mkunga huupima mlango wa kizazi kama umeanza kulainika. Ukiwa bado, hulainishwa kwanza. Na dripu hiyo hiyo hutumika pia kwa mama ambaye uchungu ulianza wenyewe ukapungua nguvu. Kiswahili cha wodini kinayatenganisha mambo haya mawili vizuri: huyu ameanzishiwa, yule ameongezewa. Ni utengano wenye manufaa, na vitabu vya shule vingefanya vema kuujua.

Kutoka wodini na mabwawani, mtu akitazama ziwa lenyewe ataliona neno likitumika visivyo. Katika Ghuba ya Mwanza, siku za upepo mtulivu, maji ya ukingoni hufanya utando wa kijani kama rangi iliyomwagika. Ni viumbe vidogo mno, wakiwamo bakteria wa rangi ya kijani na buluu ambao baadhi yao hutoa sumu. Magugu maji nayo, yaliyoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 kutoka asili yake ya Amerika ya Kusini, hustawi zaidi katika ghuba zilizotulia zenye virutubishi vingi. Huambiwa wanafunzi kwamba fosforasi na naitrojeni, ziletwazo na udongo wa mashamba, moshi wa nyasi zichomwazo, na maji machafu ya miji kama yale yapitayo katika Mto Mirongo, ni “vichocheo” vya mimea hiyo.

Sivyo. Fosforasi ni kuni. Mmea huichukua na kuijenga mwilini mwake. Bila kiasi fulani cha fosforasi hakuna kiasi fulani cha mmea, kama vile bila ukuni hakuna moto wa kupikia ugali. Tofauti hii si ya wanasarufi. Kitu kikiitwa kichocheo, msikilizaji hudhani kwamba chembe moja yatosha kuleta balaa lote, na kwamba kupunguza nusu yake hakusaidii. Kikiitwa chakula, hesabu inawezekana: kila mzigo wa udongo uliozuiwa kwa matuta kule mashambani, kila choo kilichounganishwa na bomba la majitaka, ni tita la kuni ambalo halikufika ziwani. Neno sahihi hapa lipo, wala halihitaji kuundwa. Ni kirutubishi, na mkulima aliyezoea neno rutuba hulielewa mara moja.

Hata hivyo, haki itendeke kwa neno. Mwani ukifa huzama, na ukioza huimaliza oksijeni ya maji ya chini. Tope lililokosa oksijeni huiachia fosforasi ambayo awali ilishikwa na chuma, nayo hupanda tena juu na kulisha kizazi kipya. Hapo hakuna ukuni mpya ulioletwa kutoka nchi kavu; zile kuni za zamani zimesogezwa motoni. Ukosefu huo wa oksijeni unastahili kabisa kuitwa kichocheo. Mwalimu akiyaeleza mambo haya mawili pamoja, mwanafunzi atajua pia kwa nini ziwa halisafiki mwaka ule ule ambao uchafu umezuiwa.

Ipo mifano inayolisumbua swali la mafigani, na si uungwana kuificha. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa huwasha taa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa; siku hizi nyingi ni za umeme wa betri au wa jua. Dagaa hukusanyika chini ya mwanga na wavu ukawazunguka. Siku za mbalamwezi kazi hulala, kwa kuwa mwanga umetapakaa kila mahali na taa haionekani kuwa kitu. Je, taa ni kichocheo? Mvuvi ataiita kivutio, na hakosei, kwani neno lake laeleza dagaa wanakoelekea. Mwanabiolojia ataiita kichocheo, naye hakosei, kwani neno lake laeleza kwamba macho na mienendo ya dagaa ilikuwapo tayari, ikingoja kuamshwa. Taa ile ile isingefanya lolote kwa chaza. Maneno mawili kwa kitu kimoja si vurugu, maadamu kila moja lina swali lake.

Mfano mgumu zaidi ni wa maziwa. Mwaka 1961, wanasayansi wawili wa Ufaransa, François Jacob na Jacques Monod, walieleza jinsi bakteria fulani wa matumboni wanavyojua lini watengeneze vimeng'enya vya kuisaga sukari ya maziwa. Sukari hiyo isipokuwapo, bakteria hutengeneza vimeng'enya vichache mno. Ikiwapo, sehemu yake ndogo hugeuzwa umbo kidogo, na umbo hilo hufungua maagizo yaliyokuwa yamefungwa ndani ya chembehai. Mara vimeng'enya hutengenezwa kwa wingi. Kisha sukari yenyewe huliwa. Basi ni kichocheo au ni chakula? Ni vyote viwili, kwa zamu mbili. Jikoni nako imo hali hiyo: mpishi huchochea moto kwa kijiti, na kijiti kikishika moto hukitupa humo humo. Hakuna anayebabaika kwa sababu hiyo kati ya kuchochea na kutia kuni. Kwa hiyo wale wafundishao kwamba kichocheo ni kitu kisicholiwa kamwe wamechukua sifa ya kichocheo cha kemia na kuwavika wote. Sifa hiyo yafaa kemia. Katika biolojia, la kuulizwa ni zamu: kitu hiki, katika hatua hii, kinasukuma au kinateketea?

Lugha nyingine nazo zilichota kutoka maneno ya kawaida. Mwaka 1835 Berzelius, mwanakemia wa Sweden, alipolitafutia jina jambo la kuharakisha mimenyuko, alichukua neno la Kigiriki la kulegeza. Mwaka 1905 Starling, mwanafiziolojia wa London, alipozitaja homoni kwa jina hilo, alichukua neno la Kigiriki la kuamsha na kusukuma. Maana yake ni kwamba homoni, kwa asili ya neno lenyewe, ni kichocheo! Mwalimu wa Kitanzania asemaye “vichocheo vya mwili” hajakosea tafsiri. Amekosa tu kitambulisho, kwa kuwa Kiswahili kilikwisha kutoa kichocheo kwa watu wengine kadhaa. Homoni na ibaki homoni, na kimeng'enya kibaki kimeng'enya. Posho iitwe motisha, na bahasha ipitayo chini ya meza iitwe kwa jina lake la hongo. Kichocheo kibaki na kazi yake ya mafigani, wala kisitajwe bila kusemwa ni cha nini na kinasukuma nini.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipochapa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kazi kubwa ilifanyika ya kuyapanga maneno ya sayansi. Lakini kamusi haiwezi kulinda neno likishatoka mlangoni. Katika shule nyingi za Tanzania mtoto husoma sayansi kwa Kiswahili hadi mwisho wa shule ya msingi, kisha huingia kidato cha kwanza na kukuta neno la Kiingereza. Haliachi lile la awali. Hulificha chini, na kila analoambiwa kwa Kiingereza hulifasiri kwa hilo. Kama lile la chini ni bovu, la juu litakuwa bovu pia, hata likikaririwa barabara. Hivyo mwalimu anayedhani kwamba maana ya kichocheo ni shughuli ya mwalimu wa Kiswahili peke yake anajidanganya.

Na yale magazeti? Safari moja, pengine bila kukusudia, yamewapa walimu wa kemia zawadi. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa mwezi Juni mwaka 2025 juu ya Ghuba ya Mwanza, na liliitwa kichocheo cha uchumi wa Kanda ya Ziwa. Kwa mara hii usemi unastahimili kupimwa. Kabla ya daraja, msafiri wa Sengerema au Geita alingoja kivuko. Nia ya safari ilikuwapo, biashara ilikuwapo, kizuizi kilikuwa ni kungoja. Daraja halikuisogeza Sengerema karibu na Mwanza hata hatua moja. Limefungua njia ambayo kizuizi chake ni kidogo. Halipungui kwa kupitiwa na lori moja, na hurahisisha safari ya kwenda sawasawa na ya kurudi. Kichocheo cha kemia ni hivyo hivyo: hupunguza nishati inayohitajika ili mmenyuko uanze, huharakisha pande zote mbili, na hakibadili mahali ambapo mmenyuko ungefikia mizani yake kama ungepewa muda wa kutosha. Mwanafunzi wa Mwanza aliyepita darajani anaweza kufundishwa hayo kwa dakika tano.

Baada ya dakika hizo tano lifuate jaribio, kwa kuwa mfano wa daraja hauthibitishi lolote. Dawa ya haidrojeni peroksaidi ya kuoshea vidonda hupatikana duka la dawa. Ikiachwa chupani hugeuka yenyewe kuwa maji na oksijeni, lakini polepole mno. Imiminwe kidogo katika bilauri, kisha kitiwe kipande cha ini bichi la samaki. Povu litafumka papo hapo, na kijiti chenye ncha ya kaa jekundu kikiingizwa katika povu hilo kitang'aa upya. Povu likitulia, mwalimu awaulize wanafunzi kabla ya kugusa chochote: ili povu lirudi, litiwe ini jipya au dawa mpya? Waandike majibu yao. Kisha bilauri mbili zitumike, moja iongezwe ini jipya juu ya dawa iliyochoka, nyingine iongezwe dawa mpya juu ya ini lile lile la zamani. Ini jipya litalala kimya ndani ya maji. La zamani litafumka tena, ingawa mwisho nalo huchoka, kwani vimeng'enya vyake huharibika kidogo kidogo.

Dawa hiyo hugharimu fedha ndogo. Ini la sato, pale Mwaloni, hutupwa pamoja na matumbo.